Ukuta wa Makapi

Kwa miaka sita nyumba yetu ilikuwa na jina: Pagale la Mwalimu. Mwalimu ni mume wangu. Ukipanda bodaboda stendi ya Ifakara ukasema unakwenda Lumemo, kwenye pagale la mwalimu, dereva haulizi mara mbili. Mimi nina cherehani yangu barazani, nashona sare za shule na madera mchana kutwa, mtoto wetu wa pili nimemzalia humo humo, lakini nyumba ikaendelea kuitwa pagale, eti haijaisha, kana kwamba ndani hakai mtu. Sisemi uongo, ilinichoma roho.

Tatizo lake lilikuwa sura tu. Bati lipo, milango ipo, sakafu ya saruji ipo. Kuta ndizo zilikuwa tofali za kuchoma bila lipu, udongo wa katikati umeanza kumomonyoka, na kule chini kuna alama za matope ya kila masika. Mbele hakukuwa na ua hata moja. Ni kiwanja kitupu, nusu mchanga, nusu magugu. Nikimsemesha mume wangu, alikuwa na jibu moja tu: "Tutamalizia, mama. Kidogo kidogo." Hiyo kidogo kidogo niliisikia mpaka nikaichukia.

Sasa, sisi ni watu wa jumuiya. Kila Jumamosi asubuhi familia za kanisani za mtaa wetu hukusanyika kusali nyumbani kwa mmoja wetu, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, mpaka mzunguko uishe tuanze upya. Tulipohamia, zamu yetu ilipokaribia, mimi mwenyewe kwa mdomo wangu nilimwambia mwenyekiti, "Mturuke kidogo, tunamalizia nyumba." Mwenyekiti wetu ni mama mpole, nesi mstaafu. Akaturuka. Mzunguko wa pili akasema mbele za watu, kwa huruma kabisa, "Wenzetu bado wanamalizia, tusiwasumbue." Wa tatu hivyo hivyo. Halafu mwaka huu, akisoma zamu kwenye daftari lake, akatoka nyumba ya kulia kwangu akaenda nyumba ya kushoto kwangu bila hata kututaja. Nikaangaza macho. Hakuna aliyeshangaa.

Nilirudi nyumbani nimefura. Mume wangu alikuwa anasahihisha madaftari mezani. Nikamwambia, "Mwalimu, sisi hatupo tena."

"Hatupo wapi?"

"Duniani! Tumefutwa. Leo hata kusamehewa hatukusamehewa, tumepitwa tu."

Akacheka. Mimi nikalia, akaacha kucheka.

Jumamosi iliyofuata, kabla mwenyekiti hajafungua daftari, nilisimama. Nikapaza sauti. "Mwezi ujao, Jumamosi ya mwisho, ni kwangu. Wote mnakaribishwa." Wakapiga makofi. Mwenyekiti akaandika. Nikaketi, na papo hapo nikajua nimejitia kitanzi. Nyumba isipopata sura ndani ya wiki tano, itabidi niende tena kuomba turukwe, na safari hii ningeomba nikiwa nimeshatamba mbele ya watu wote.

Tulikubaliana tuanze na mbele tu, upande wa barabarani.

"Nyumba ina pande nne, mama," mume wangu alisema.

"Na wageni wanaingilia upande mmoja," nikamjibu. Kesho yake akaleta fundi.

Fundi wa lipu alifanya kazi nzuri. Ukuta ulipokauka nikawa natoka nje kila saa kuugusa. Kilichobaki kikawa rangi, na hapo ndipo nilipoisoma namba, kwa sababu ulikuwa mwezi wa kuvuna. Mwezi wa kuvuna Ifakara hakuna fundi. Fundi seremala, fundi simu, fundi viatu, wote wako mashambani na mundu. Fundi wangu wa rangi alikuwa Mofu kwenye mpunga wake. Nikimpigia ananiambia, "Kesho, mama." Kesho yake simu haipatikani. Akatokea Alhamisi, siku mbili kabla ya wageni, miguu ina matope mpaka magotini, anacheka tu.

"Shikamoo mama. Si nimekuja?"

"Marahaba. Ungekuja na Krismasi kabisa."

Tulichagua rangi ya krimu, tena rangi ya mafuta, kwa sababu inapanguswa kwa kitambaa ikirukiwa na tope. Fundi alinionya kwamba hiyo inachelewa kukauka, isiguswe mpaka kesho yake. Nikamwambia nani ataigusa, mimi ndiye mwenye nyumba. Akapaka tangu asubuhi. Kufika saa tisa alasiri, jamani, ukuta ule! Nilivuka barabara nikasimama ng'ambo, nikaitazama nyumba yangu kama mpita njia. Nilijisikia nimerefuka. Mama mmoja aliyepita na ndoo kichwani akanipa hongera, nikampokea kwa unyenyekevu wa uongo.

Lazima niseme na habari ya mpunga. Mpunga wetu ulikuwa umelala kiwanjani pale pale mbele ya nyumba, juu ya sandarusi nilizoziunga kwa cherehani, umekauka barabara. Ulikuwa unangoja kupepetwa, na siku tatu nzima hakukuwa na upepo, hata jani la mgomba halitikisiki. Wifi yangu, dada yake mume wangu, anayekaa nyumba ya pili kutoka kwetu, alikuwa anakuja kila siku na ungo wake, tunakaa, tunapiga soga, tunautazama mwelekeo wa milima ya Udzungwa, hakuna kitu. Na mpunga wa watu wengine unaingia ghalani.

Fundi alikuwa amekwenda nyuma kuosha brashi zake. Mimi na wifi tumeketi. Ghafla nywele zikanisogea shingoni.

"Upepo huo!" wifi akapiga yowe.

Ambaye hakukulia kwenye mpunga hatanielewa. Upepo ukija huulizi, huwazi, mwili unasimama wenyewe. Ungo ukawa mkononi mwangu sijui nimeuokota saa ngapi. Nikapanda juu ya stuli, wifi akawa ananijazia, namimina kutoka juu, punje zinaanguka chini kwa mlio ule mtamu, makapi yanakwenda na upepo. Jirani akasikia, akaja na ungo wake. Na mwingine. Tukaimba. Nilikuwa na furaha mbili kwa wakati mmoja, nyumba imepakwa na mpunga unapepeteka, nikasema moyoni leo Mungu amenikumbuka. Tulifanya kazi ile kama nusu saa, hatukuinua kichwa.

Fundi akatokea nyuma ya nyumba na kopo lake. Akasimama.

"Mama," akasema, "ukuta."

Nikageuka. Upepo ulikuwa umetoka milimani, sisi tumesimama katikati ya kiwanja, na nyuma yetu, pale upepo unapoelekea, ni ukuta wangu wenye rangi mbichi. Ulikuwa umevaa makapi kuanzia chini hadi usawa wa madirisha. Yamejibandika kila mahali, kapi juu ya kapi, na mengine bado yanakuja, yanatua taratibu, yananata.

Kisha nikamgeukia fundi. "Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nyuma, mama! Nilisikia mnaimba."

Nikamgeukia wifi. "Wewe ndiye uliyesema upepo!"

"Na nani aliyekamata ungo wa kwanza?" wifi akajibu, mikono kiunoni. "Usinitafutie ubaya, wifi. Tulikuwa wanne hapa na wote tuna macho."

Nilijaribu kupangusa kwa kanga. Makapi yakasogea na rangi ikasogea nayo, pakabaki doa baya kuliko makapi yenyewe. Fundi akanishika mkono, akaniambia niache, kwamba dawa ni kusubiri ikauke, kukwangua, kupiga msasa na kupaka upya. Siku nne, pengine tano. Wageni ni keshokutwa. Nikaketi juu ya mpunga wangu nikalia kwa sauti, nikiwa mtu mzima.

Mume wangu alirudi kutoka shule akatukuta hivyo. Aliegemeza baiskeli, akautazama ukuta, akanitazama mimi, akautazama tena ukuta. Nikaona mabega yanaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akakaa chini na shati lake jeupe. Sikumsemesha mpaka tulipomaliza kula. Ndipo akasema, safari hii bila kucheka, "Mama, mimi nitakwenda kwa mwenyekiti. Nitamwambia watusogeze mbele wiki mbili. Aibu niibebe mimi."

Alisema kwa wema, najua. Lakini kichwani mwangu nilimwona mwenyekiti akilifungua daftari lake, nikamsikia akisema wenzetu bado wanamalizia. "Hapana," nikamwambia. "Waje waone makapi. Kurukwa sitarukwa tena."

Ijumaa tulifanya kazi wote. Fundi alikuja bila kuitwa, nadhani kwa kunionea huruma, akapiga mkanda wa kahawia kule chini, akanyoosha kingo za madirisha kwa rangi hiyo hiyo. Wifi akaleta miche ya maua mekundu kutoka kwake, tukaipanda kwenye madumu tuliyokata shingo, moja kila upande wa mlango. Mume wangu aling'oa magugu yote, halafu akafagia kiwanja kwa mistari mistari, na asiruhusu mtu kukanyaga. Sehemu niliyoiharibu kwa kanga fundi aliipaka tena, nami nikaichotea makapi mengine, nikayabandika juu ya rangi mpya ili angalau ufanane wote. Wifi alinitazama nikifanya hivyo, akasema, "Sasa hata ushahidi unautengeneza."

Jumamosi walikuja zaidi ya thelathini. Niliwapokea mlangoni, Tumsifu Yesu Kristo, milele amina, karibuni, karibuni, huku jasho linanitiririka mgongoni. Jua la asubuhi lilikuwa linapiga ukuta moja kwa moja, na yale makapi yalikuwa yanametameta rangi ya dhahabu tupu. Mwenyekiti akasimama. Akaupapasa kwa ncha za vidole.

"Mh! Mapambo gani haya? Mafundi wa siku hizi wana mambo."

Wifi akanifinya. "Sema ni mtindo wa Dar," akaninong'oneza. Na nilitaka kusema, wallahi nilitaka, neno lilikuwa limefika ulimini. Lakini nikaziona nyuso zile zinazongoja, nikachoka ghafla.

"Ni makapi," nikasema. "Rangi ilikuwa mbichi, upepo ukaja, tukapepeta."

Kisha mzee mmoja akaangua kicheko, na wote wakafuata, kicheko cha kushikana mabega. Hakuna aliyeuliza ilikuwaje, maana kila mmoja alijua ilikuwaje. Mama mmoja akasema yeye upepo ulimkuta maharage yako jikoni, chungu chote kikaungua, mume akala wali na chumvi. Mwenyekiti mwenyewe akakiri aliwahi kuacha wageni wa posa sebuleni akakimbilia ungo. Tuliingia kusali tukiwa bado tunafuta machozi. Nilikuwa nimekaa mkekani katika nyumba yangu, watu wangu wamenizunguka, nikaona raha ambayo sijui niifananishe na nini.

Baada ya sala na chai na vitumbua, mwenyekiti akafungua daftari. "Wiki ijayo ni kwa nani?"

Kabla hajasoma, bibi mmoja aliyekaa kando yangu akainua mkono. Ni bibi mjane, mdogo wa umbo, anayekuja kila Jumamosi bila kukosa na huongea kwa nadra. Sote tunampenda.

"Njooni kwangu," akasema.

Mwenyekiti akageuza kurasa. Akageuza tena nyuma. "Bibi, hapa sikuoni."

"Huwezi kuniona. Nilikuomba uniruke, mwanangu, mwaka ule maji yalipobomoa ukuta wangu wa mbele. Sijaujenga. Pale mbele nimefunga turubai." Akauelekeza mkono wake mlangoni, nje, kwenye makapi. "Lakini nimeona leo kumbe inawezekana."

Miaka sita nilikuwa nahesabu kila niliporukwa, namlilia mume wangu kwamba tumefutwa duniani, na miaka yote hiyo bibi yule nimekuwa nikikaa naye mkeka mmoja. Sikuwahi hata mara moja kujiuliza mbona hatujawahi kwenda kwake.

Jumamosi iliyofuata mimi na mume wangu tuliwahi, tukiwa na viti viwili vya kuazimisha. Bibi alikuwa amesimama nje amevaa kitenge chake cha kanisani, anatungoja. Lile turubai alikuwa amelifua kwa sabuni usiku ule, na lilikuwa bado linachuruzika maji.