Sahihi ya Mzazi

Nina hasira za karibu. Nilizaliwa nazo kijijini Keza, nikaenda nazo chuo cha ualimu, na nilipopangiwa kufundisha darasa la pili katika shule moja ya Nyakahura, nilifika nazo zikiwa nzima. Nasema hili mapema ili mtu asije akadhani nilichomfanyia yule mtoto kilitokana na ugeni wa kazi. Nilikuwa na miaka tisa kazini.

Watoto wangu walikuja shuleni na Kisubi chao, wachache na Kisukuma. Kiswahili walikikuta kwangu. Wakisoma kwa pamoja darasa zima lilitikisika, lakini ukimsimamisha mmoja peke yake, anakodoa macho. Nikaona hawa wasiposoma na nyumbani tutatwanga maji kwenye kinu. Nikapanda pikipiki hadi Lusahunga, nikanunua madaftari, nikayapiga mistari kwa rula: tarehe, ukurasa, sahihi ya mzazi. Vitabu vya hadithi vilikuwa vichache, hivyo watoto walivichukua kwa zamu. Kila jioni mtoto asome ukurasa mmoja, mzazi asikilize, kisha asaini. Mwalimu mkuu alipenda mpango huo, akamwalika afisa elimu wa kata aje kuuona. Kichwa kilinivimba, sitaficha.

Siku moja kabla ya ugeni huo nilikusanya madaftari niyakague. Nikafika kwenye la binti mmoja wa dawati la mbele, msomaji wangu bora, niliyepanga asome mbele ya mgeni. Jina la mama yake lilikuwa limeandikwa kila siku bila kukosa. Liliandikwa kwa penseli ya mtoto, kwa herufi za mtoto, zile zile nilizomfundisha mimi.

Nilimwita mbele. Nikamuuliza nani ameandika.

"Mimi, mwalimu."

Hakusita wala hakuinamisha macho, na hilo ndilo lililonipandisha mori. Sikumuuliza swali la pili. Nilimwita mwongo mbele ya wenzake arobaini na kitu, nikachana kurasa zile, nikachukua kitabu cha hadithi nikampa mwingine. Wakati wa mapumziko niliwasikia watoto uwanjani wakimwimbia neno hilo hilo, mwongo, mwongo, na sikutoka kuwanyamazisha. Nilikuwa nakunywa chai.

Mgeni alikuja, akasomewa na mtoto mwingine, akaondoka.

Zamu ya yule binti ilipofika darasani, alisimama, akashika kitabu vizuri kama nilivyowafundisha, na hakusoma. Nikasema kiburi. Siku ya pili hivyo hivyo. Wiki ya pili nikaanza kuogopa, maana upimaji wa kusoma ulikuwa unakaribia. Kila mtoto wa darasa la pili husoma peke yake mbele ya mwalimu wa shule nyingine, na asiyesoma hurudia darasa. Binti aliyekuwa anasoma kama maji alikuwa anaelekea kurudia darasa kwa sababu yangu, ingawa wakati huo nilikuwa bado najiambia ni kwa sababu yake mwenyewe.

Jumamosi nilikwenda kwao. Nilikwenda kumshitaki kwa mama yake.

Mama nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Alikuwa mkubwa kwangu kwa umri, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanifutia kigoda kwa upande wa kanga yake. Binti aliponiona aliingia ndani. Nikaeleza yangu yote: sahihi za uongo, kiburi, upimaji. Alinisikiliza bila kuacha mahindi. Nilipomaliza alijibu kwa Kiswahili chake cha mnadani.

"Mwarimu, mimi kusoma sijui. Penseri sijashika tangu nizariwe. Nirimwambia, mwanangu, niandikie jina rangu wewe, mwarimu ajue nimesikiriza."

Nikasema, basi ungeweka hata dole gumba. Nilikuwa bado natafuta pa kushika.

"Wino nautoa wapi?" akauliza. Kisha akaweka gunzi chini. "Na kusikiriza nirisikiriza. Kira siku."

Akahamia Kisubi, ambacho kwa Mhangaza kama mimi hakina shida, maana lugha zetu ni ndugu, akaanza kunisimulia kitabu. Hakuruka ukurasa. Mvulana aliyepewa ndama amlinde, usingizi uliomchukua, kamba iliyolegea, nyumba ya kwanza alikouliza, nyumba ya pili, mbwa waliomfukuza. Binti alikuwa akisoma ukurasa kwa Kiswahili, kisha anamweleza mama kwa Kisubi, halafu wanabishana. Mama alikuwa na ugomvi mkubwa na yule mvulana. Alisema aliyefunga ndama namna ile hakulelewa na watu wa ng'ombe, na aliyeandika kitabu naye hajawahi kuchunga hata mbuzi. Alinionyesha kwa kamba ya begi langu jinsi fundo linavyopigwa.

Nilikuwa nimewatengenezea watoto safu tatu za rula, na nyumba hii ilikuwa imefanya zaidi ya yote niliyoomba. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Sasa ndama aripatikana?" mama akauliza. "Uripochukua kitabu turikuwa tumefika mtoni."

Kitabu sikuja nacho. Nilikuwa nimekuja na mashitaka tu. Nikaanza kumsimulia mwisho kwa mdomo, haraka haraka, nikitaka kulipa pale pale. Mama aliinua kiganja.

"Hapana, mwarimu. Aje asome yeye."

Jumatatu nilimrudishia binti kitabu na daftari jipya. Nilisimama mbele ya darasa nikasema nilikosea, mwenzao hakuwa mwongo, mwongo nilikuwa mimi niliyesema nisichokijua. Mwalimu kuomba radhi kwa mtoto wa darasa la pili si jambo la kila siku kwetu. Binti alisema, "Ndiyo, mwalimu," akaketi. Baada ya siku chache nilikutana na mama yake sokoni, kabla sijamwamkia akaniambia kwamba ndama alipatikana, na kwamba sasa wanaanza kitabu kingine. Nyumbani binti alikuwa anasoma kila jioni.

Kwangu hakusoma. Nilimbembeleza, nikamwacha, nikamkalisha na rafiki yake wasome wawili. Nikisogea, sauti inakatika. Nilisubiri upimaji kwa hofu ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtihani wangu mwenyewe.

Siku yenyewe mpimaji aliwekewa meza katika darasa tupu. Mwalimu wa darasa haruhusiwi kuwa ndani. Jina la binti lilipoitwa nilizunguka nyuma ya jengo, nikajibana ukutani chini ya dirisha, mtu mzima na heshima zangu. Nikamsikia mpimaji akisema, taratibu, "Soma tu, mwanangu."

Akasoma. Alisoma hadithi yote, hakukwama, akapumzika kwenye nukta, na palipokuwa na swali sauti yake ilipanda, bila shaka kama alivyokuwa akimsomea mama yake uani. Nililia pale ukutani na sikujifuta haraka.

Mpimaji alitoka baadaye akaniambia yule mtoto ni hodari, nimemfundisha vizuri. Nilipaswa kumweleza. Nilisema asante. Binti akatoka nyuma yake, akaniona, nikampongeza. Alinijibu kwa adabu, akapita. Mwaka mpya aliingia darasa la tatu kwa mwalimu mwingine, na wanasema huko anasoma kwa sauti hadi darasa la jirani linasikia. Mimi, tangu siku ile niliyomwita mwongo, nimemsikia akisoma mara moja tu, na hakujua kwamba nipo.