Mtumbwi Mmoja, Watu Watatu

Kuna siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu: siku niliyokalishwa matangani kwa ajili ya babu yako, naye yuko hai, anakula mihogo Mwansabombwe. Nakueleza kwa sababu juzi nilikusikia ukinung'unika. Ulisema katika hiyo tovuti unayoijenga una jedwali la watu na jedwali la vyombo, na unaona uvivu kuyaunganisha mara mbili tatu, kila kiungo na jina lake. Kimoja kinatosha, ulisema. Sikukujibu. Nilikuwa napara samaki, na neno hili linataka mtu akae.

Ilikuwa miaka ya tisini inaelekea kwisha. Mimi mtu wa Pweto, ng'ambo ya ziwa, nimeolewa Kashikishi, mama yako Mulenga yuko darasa la nne. Chama cha wavuvi kule Nchelenge kikapata kompyuta, na binti mmoja, Judith, akapewa kazi ya kuingiza mitumbwi yote. Sasa wewe unajua desturi yetu. Mtumbwi una mwenyewe, nyavu zina mwenyewe mwingine, na anayeingia ziwani anaweza kuwa mtu wa tatu. Wakirudi wanagawana samaki. Judith aliweka watu huku, mitumbwi kule, na katikati uzi mmoja tu. Kila mtumbwi ukamshika mtu mmoja, yule mwenye mbao za mtumbwi. Usimcheke. Alisomea mjini, ambako gari ni la mtu na mwenyewe ndiye anayeliendesha.

Asubuhi hiyo upepo ulivuma vibaya. Watu wakaona mtumbwi umepinduka, umesukumwa na upepo hadi ufukweni, wakapeleka namba yake biro, ofisini kwa chama. Judith akaiandika, likatoka jina la Bashi Mulenga, ndiye baba Mulenga, babu yako. Basi, wanaume wakawasha mashine za mitumbwi, wakaenda kumtafuta kwenye mdomo wa mto Luapula, maana kila mtu alijua hutega kule. Wanawake wakaja kwangu, wakatoa viti nje, wakatandika mikeka, wakanifungua kitambaa cha kichwa. Nikawaambia ameenda Mwansabombwe kununua mbao. Wakasema pengine alirudi alfajiri akaingia ziwani moja kwa moja. Nikaamini, kwa kuwa kompyuta ilikuwa imesema.

Aliyenishika mabega ni Bana Kunda, mke wa jirani yetu Chola. Chola hakuwa na mtumbwi. Leo aliingia na wa huyu, kesho na wa yule, na mkewe hakuuliza ni upi. Bana Kunda alinifuta machozi kwa kitenge chake mwenyewe.

Mama mkwe wangu akafika kutoka sokoni. Hakulia. Alimwendea Judith, aliyekuja kutoa pole.

"Nani aliingia na huo mutumbwi?"

"Mama, kompyuta inasema ni wa Bashi Mulenga."

"Mutoto, najua ni wa nani. Huyo Bashi Mulenga nilimuzaa miye. Nakuuliza nani aliingia."

"Mama, hiyo haisemi."

"Na nyavu za nani?"

"Nayo haisemi."

"Nyavu ni zangu. Jana nilimupa Chola, atege na huo mutumbwi."

Mkono wa Bana Kunda ukasimama usoni pangu. Hakupiga yowe. Alisema tu, polepole, "Chola hategake kwa mto. Anategaka kwa kisiwa."

Judith alikimbia bandarini viatu mkononi, akazuia mitumbwi iliyokuwa inaondoka, akaielekeza kisiwani. Wakamkuta Chola kwenye matete, amekumbatia dumu, sauti imekwisha, yuko hai. Babu yako akashuka kwenye basi dogo na mbao zake, akaona mikeka.

"Nani amekufa?"

"Ni weye," mama yake akamjibu. "Kaa, chai iko."

Wako waliotaka Judith afukuzwe. Mama mkwe akawakatiza. "Mumuache mutoto. Alipowauliza mutumbwi wa nani, kila mumoja alitaja mwenye mbao, akaenda zake. Nani kati yenu alisimama akamwambia habari ya Chola?" Wakaanza kukunja mikeka, na mimi nikakunja nao.

Judith akarudi biro, akafumua kazi yake. Watu walibaki palepale, mitumbwi palepale, lakini kati yao akapitisha nyuzi tatu, na kila uzi akaupa jina: mwenye mtumbwi, mwenye nyavu, anayeingia. Akaniita nione. Ukifungua jina la Chola, mitumbwi yake mwenyewe, hakuna; mitumbwi anayoingia nayo, hii hapa. Bana Kunda alisimama nyuma yetu. Hakujua kusoma. Akaomba aonyeshwe jina la mume wake ni lipi, akaligusa kwa kidole.

Kwa hiyo, mwanangu, acha uvivu. Mtu na chombo wanaweza kushikana kwa njia nyingi, na kila njia ina haki ya jina lake, uione ukianzia kwenye chombo na uione ukianzia kwa mtu. Ukizikusanya zote katika uzi mmoja, mashine haitakugombeza. Itakupa jina, nawe utaliamini, na watu watakwenda kutafuta kwenye maji yasiyo na mtu. Kabla hujaandika, uliza: huyu ni nani kwa hiki? Kisha uliza tena, maana wa kwanza kutajwa ni mwenye mali siku zote.

Mungu akutie nguvu mikononi na subira moyoni. Na siku wewe utakapopotea, awape wanaokutafuta jina lako mwenyewe.