Paka wa Jirani na Maji ya Mwarobaini

Mpaka leo, nikisikia harufu ya mwarobaini unaochemka, miguu huanza kuniwasha. Jirani yetu wa ghorofa ya juu alisafiri, akamwachia mama paka wake, akasema ni wiki mbili tu. Paka alikuja na viroboto wake. Wakaingia kwenye mikeka, wakaingia kwenye magodoro ya sufi, mpaka kwenye buibui la mama lililotundikwa nyuma ya mlango.

Kila Ijumaa asubuhi tulimkosha paka uani, ndani ya karai. Mama alimshika, mimi nikammwagia maji ya mwarobaini kwa kata.

"Anza shingoni!" mama alifoka. "Nshakwambia mara ngapi? Ukianza mgongoni wanakimbilia masikioni, kazi yote bure."

Ijumaa moja nilichoka. Mikeka tulishaianika juani, sakafu tulishaipiga mafuta ya taa, na bado nilikuwa najikuna kama mwenye upele.

"Mama, si tukamtupe sokoni Mwanakwerekwe, tulale?"

Akanikodolea macho. "Amana ya mtu inatupwa?"

"Lakini alisema wiki mbili."

"Wiki mbili, wiki mbili! Na paka keshazaa mara tatu humu ndani!"

Akatazama juu, kwenye madirisha ya jirani yaliyofungwa tangu siku aliyoondoka. Kisha akamkamata paka upya, kwa nguvu.

"Haya, mwagia. Anza shingoni. Sitaki mwenyewe arudi amkute na viroboto."