Kicheko Kilichochelewa Dakika Moja

Aibu yangu naikiri mwenyewe, kabla hamjasimuliwa na watu wa Nyakabuye ambao hawakuwapo: ni kweli kwamba nilitoa meno ya bandia mbele ya kamera ya televisheni, lakini yalikuwa manne tu, si safu nzima, na tafadhali jambo hilo lieleweke hivyo.

Nilikuwa nimestaafu idara ya habari, na ng'ambo, Kongo, vita vilikuwa bado havijatulia, wakati kituo kidogo cha televisheni cha majaribio kilipofunguliwa hapa Kamembe, upande wa Rwanda, picha zake zikifika mpaka Bukavu. Jirani yangu Maman Asha, mshonaji, alikuwa amepotezana na binti yake Zawadi katika kukimbia vita, kisha akasikia kwamba yu hai Bukavu, ila mtaa hakuujua. Akaniomba nimsomee tangazo (Kiswahili changu, bila kujisifu, kilikuwa kielelezo ofisini), nami nikavaa suti.

Fundi wa kituo, Solange, akatuketisha wote wawili mbele ya kamera, akaanza kunieleza habari za seva ya video, yaani kompyuta inayohifadhi picha na kuzirusha hewani badala ya kanda.

«Papa Anselme, hii haiko kama kaseti. Inarekodi na inarusha wakati uleule, inachelewa tu dakika moja. Saa kumi na mbili itaanza yenyewe ku...»

«Binti yangu,» nikamkata, «nimesimamia kanda za serikali kabla hujaanza shule. Kanda hurekodiwa, hurudishwa mwanzo, hukaguliwa, hutiwa saini, ndipo itoke. Washa, uende zako.»

Akawasha saa kumi na mbili ikikaribia, na kwa kuwa umeme ulikuwa ukiyumba, akaenda nyuma ya jengo kushughulikia jenereta.

Basi mimi, nikiamini kwamba bila saini yangu hakuna kitakachotoka, nikajifanyia mazoezi: nikalegeza mkanda wa suruali, nikatoa meno yale manne nikayafuta kwa leso, nikamweleza Maman Asha kwamba mkubwa wangu wa zamani alitia saini hotuba zangu bila kuzisoma, kwa sababu kusoma kwenyewe kulimshinda (naye, nilikuja kuambiwa, alikuwa ameketi mstari wa mbele katika ukumbi wa jirani, mahali watu walipokusanyika kuangalia televisheni ya kituo).

Kicheko kikalipuka ukumbini.

«Batu banacheka nini kule?» akauliza Maman Asha.

«Ni wapumbavu gani hao wanaocheka?» nikasema kwa sauti, meno mkononi.

Kicheko hakikuisha, na baada ya dakika moja kamili nikasikia kupitia ukutani sauti yangu mwenyewe, isiyo na meno, ikiuliza: «Ni wapumbavu gani hao wanaocheka?» Ukumbi ukapiga miguu chini. Hapo nikaelewa yote aliyotaka kuniambia Solange, nikainuka nikimbie.

Maman Asha akanishika koti. «Papa, unaenda wapi? Jina ya mutoto yangu haujasoma!»

Nikaketi. Nikarudisha meno, nikakaza mkanda, nikasoma tangazo lote kwa utaratibu: jina la Zawadi, jina la mama yake, nyumba yao nyuma ya msikiti, huku upande wa pili wakiendelea kunicheka. Nilipofika mwisho ndipo tangazo lilipoanza kuwafikia, na ukumbi ukanyamaza.

Solange alirudi akitweta, akaniahidi kwamba seva inaweza kurudia tangazo asubuhi na jioni kuanzia pale tu niliposoma, yale ya meno yakikatwa. Nikamwambia akate, na akate sasa hivi.

«Asikate,» akasema Maman Asha. «Batu bakicheka, bataitana. Bakiitana, mutoto ataona.»

Nikaomba karatasi, nikaandika kwa mkono wangu kwamba mimi, mwenye sura ile, naruhusu irudiwe nzima, wiki nzima.

Siku ya tano Zawadi alivuka daraja la Rusizi, mpakani. Mama yake alipomwachia kidogo apumue, binti aligeuka akaniangalia, akaziba mdomo kwa kitambaa.

«Bajirani baliniita, Papa, eti kuja uone muzee wa meno. Nilikuya kucheka. Kisha nikaona mama iko pembeni yako.»

Nimeapa, nami naweka kiapo hiki kwa maandishi: fundi akinieleza mtambo wake, nitamsikiliza mpaka afunge mdomo mwenyewe. Lakini aniombaye nione haya kwa ajili ya wiki ile, nitamwelekeza nyuma ya msikiti, kwa Maman Asha na binti yake.