Bomba Mvivu

Jambo hili sijamwambia mtu: jana nilikaribia kuliziba bomba la pili la tangi langu la samaki.

Tangi liko chumbani kwangu, ghorofani. Pampu hulijaza maji ya bahari kutoka kwenye pipa lililo chini yake, na bomba la kwanza huyarudisha humo yanayozidi. La pili nililiweka kwa sababu tu kitabu kilisema liwekwe. Halikuwahi kupitisha hata tone.

Mama huliita bomba mvivu. Nami nikaanza kuona haya.

Tena alishaniambia: maji ya chumvi yakidondoka ukumbini chini siku moja tu, samaki warudi baharini. Na sakafu zetu za Mji wa Kale mwazijua: zavuja.

Leo nimerudi kutoka shule, begi bado mgongoni, Mama akaniita:

"We Athumani! Nani akoroma huko juu?"

Nikapanda mbio.

Bomba la kwanza limezibwa na mwani. Maji yamebakisha kidole kimoja kufika ukingoni, lakini yanashuka pipani kwa bomba la pili, nalo lakoroma kama mtu mwenye mafua.

Sakafu kavu!

Mama akachungulia mlangoni. "Kumbe mvivu ana kazi yake."

(Nyinyi mngeliziba? Semeni kweli.)

Nikautoa mwani. Nikamwomba kipande cha kifumbu chake kikuukuu cha kukamulia tui, nikakifunga mdomoni mwa bomba la kwanza, mwani usiingie tena.