Hoteli ya Vioo Aliyoichagua Kaka

Kaka yangu mkubwa hakuamini kitu chochote kilichojengwa kabla yeye hajazaliwa. Tulilelewa Riruta, Nairobi, kwenye nyumba ya mabati, lakini alipohamia Spring Valley, mtaa wa matajiri, alianza kuisimulia Riruta kama mtu aliyenusurika vitani.

Mama alipostaafu ualimu, katikati ya miaka ya elfu mbili, aliomba kitu kimoja tu: kuuona mji mdogo wa kale huko pwani ambako baba yake alifungwa na wakoloni wakati wa Hali ya Hatari, walipokuwa wakiwasaka wapigania uhuru. Babu hakurudi. Mama alikuwa mtoto mdogo, na alichojua ni kwamba jela ilikuwa ndani ya ngome, katikati ya mji. Kaka akasema safari ataigharamia yeye, kwa hiyo hoteli atachagua yeye.

Aliichagua ofisini kwake Hurlingham, kwenye maghorofa ya Nairobi, nami nimeketishwa mbele yake kama mteja. Nilimwambia kuwa mle mjini kulikuwa na nyumba za wageni za mawe, zenye dari za boriti na ua katikati. Alizitazama picha za nyumba hizo kwenye kompyuta kwa uso wa mtu aliyeonyeshwa choo cha shimo. Akauliza kama zina lifti. Nikamjibu zina ghorofa moja. Mkewe, aliyekuwa akisikiliza kwa simu, alitaka kujua kama wanapika chipsi. Ngome iko wapi, hakuna aliyeuliza.

Hoteli yenyewe ilikuwa nje ya mji, kando ya barabara kuu, vioo vya samawati toka chini hadi juu. Ungeing'oa ukaipanda Hurlingham hakuna ambaye angeshtuka, na nadhani hiyo ndiyo sifa iliyompendeza kaka. Madirisha hayakufunguka. Chumba cha mama kilitazama jenereta. Kaka alizunguka humo akibonyeza kila swichi, akimsifia mama ubaridi wa mtambo wa kupoza hewa, na mama amejikunyata ndani ya sweta aliyovaa kutoka Nairobi.

Asubuhi, baada ya chai, mama aliuliza tunatoka saa ngapi. Kaka akasema jua ni kali, vichochoro ni vichafu, na kule mapokezi wamemwambia ngome imebaki kuta tu. Afadhali mama apumzike kwenye bwawa la kuogelea. Alikuwa akimwambia hivyo mama wa kanisa ambaye hata sisi watoto wake hatujawahi kumwona bila kitambaa kichwani.

Mama akaweka kikombe chini. "Baba yangu alifia ndani ya hizo kuta," akasema. "Sikuja kuona bwawa."

Kaka akaahidi tutaenda jioni, kwa sababu mchana kulikuwa na mpira kwenye televisheni. Nilipanda vyumbani, nikafunga mizigo ya mama na yangu, nikaita teksi.

Tulipata vyumba katika nyumba ya mawe karibu kabisa na ngome. Mama hakutaka hata kunawa uso kwanza. Akaingia ngomeni, akapita seli moja baada ya nyingine, na katika ile ya mwisho akaweka kiganja ukutani. Akaomba kwa Kikuyu, kwa sauti ya chini. Nilimsikia akisema "baba" kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili. Nilitoka nje, nikalia.

Kaka alifika kesho yake, tukiwa tena ngomeni, akilalamika kwamba hakuna pa kuegesha gari. Mama akamwita aingie. Alichungulia seli, akapangusa vumbi begani, akasema serikali ingeweka vigae mahali hapa. Mama akaniambia tutarudi Nairobi kwa basi, mimi na yeye.

Siku hizi kaka huwasimulia majirani wa Spring Valley jinsi alivyompeleka mama kutafuta nyayo za baba yake, na huwasifia ile hoteli. Mama humwacha amalize. Kisha huwaeleza majirani hao juu ya ile seli, na dirisha lake lisilotosha kupitisha kichwa, na kaka huinuka kwenda kupokea simu.