Breki Nilizomtengenezea Mama Dahabo

Ukinikuta nimeketi na watu halafu mmoja ataje breki, utaniona nimeinamia simu najifanya nasoma kitu, na si kitu ninachosoma, ni aibu, tena aibu ya mchana kweupe, mbele ya nusu ya mtaa wa Waberi pamoja na mbuzi wao.

Mimi ni fundi wa magari hapa Garissa, nilikuja kutoka Mwingi zamani, na wakati huo nilikuwa najisikia kweli (mtu akiita "fundi!" sokoni nilikuwa nageuka hata kama anaitwa wa viatu). Basi akanijia Mama Dahabo, mjane mwenye bakho, lile tingatinga kuukuu lenye ndoo mbele na mkono wa kuchimbia nyuma. Dereva wake, Adan, aliliendesha miaka na miaka bila breki. Akitaka kusimama anateremsha ndoo inakwaruza chini, grrrr, mpaka lisimame. Sasa lilikuwa linabebwa na lori kwenda Tarbaj kuchimbua silanga ya ukoo wake, lile bwawa la kukingia maji ya mvua, iliyojaa mchanga, na mwenye lori alikataa katakata kupakia mashine isiyo na breki.

"Fundi, mvua iko karibu," akaniambia. "Ikikuta silanga imejaa mchanga, maji yote itapita. Watu yangu watakunywa nini?"

"Mama, wewe lala," nikamjibu. "Kazi hii kwangu ni kumsukuma mlevi." (Mfano mbovu kumpa mama mcha Mungu, lakini ulishanitoka.)

Jioni nikafungua breki, nikabadilisha raba za ndani, nikafika kwenye kumimina mafuta. Adan akachungulia, shavu limejaa miraa. "Fundi, hii hainywi mafuta ya gari. Inakunywa ile ya haidroliki, kama mkono yake."

Shetani wangu akaamka papo hapo. Mtu anayesimamisha mashine kwa kukwaruza barabara anifundishe mimi breki? "Adan, wewe kazi yako kuchimba," nikamwambia, nikamimina mafuta ya breki ya gari mpaka juu. Tukajaribu, likasimama pale pale, nami nikaenda kulala kama bwana harusi.

Asubuhi lori limeegeshwa kwenye njia ya soko la mifugo, na ilikuwa siku ya soko. Unadhani nilimwachia Adan apandishe? Thubutu! Nikakalia usukani mwenyewe watu wamjue fundi. Nikasikia linavuta kwa shida, linanuka kama kitu kinaungua, nikakanyaga mafuta zaidi, magurudumu ya mbele yakapanda vile vyuma vya kupandia, ya nyuma yakafika katikati, na hapo nikagusa breki kidogo tu, ya maringo. Likasimama. Nikaachia mguu, lenyewe halikuachia. Mafuta yangu yalikuwa yamevimbisha raba usiku kucha, breki zikashika zikakataa katakata, na mkono wa nyuma umeziba njia, mbuzi huku, ngamia kule, wenye mifugo wakipiga kelele kwa lugha tatu.

"Wallahi, breki yako iko kali!" mmoja akanipigia kelele.

"Si aliambiwa atengeneze isimame?" mwenzake akamjibu. "Si imesimama?"

Nikaruka chini kufungua nati ya kutolea hewa ili presha ishuke, na kwa pupa ile nikaivunja shingo, presha ikabaki ndani. Mwenye lori akaangalia saa, akasema ana kazi nyingine Modogashe, tulishushe aende zake. Mama Dahabo akaja akasimama karibu nami. Hakunitukana, na heri angenitukana. Aliniuliza tu polepole, "Fundi, sasa niambie watu ya Tarbaj nini?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Adan akatema miraa, akapanda, akageuza kiti kikatazama nyuma, akashindilia ule mkono wa kuchimbia chini, akalisukuma bakho kwa nguvu zake lenyewe, likapanda lori likiburura magurudumu yaliyokufa, makofi kila upande. Kisha akaniangalia. "Panda, fundi. Na beba raba."

Nikapanda. Ungekataa wewe, Mama Dahabo amekunyooshea kidole?

Kule Tarbaj kitu cha kwanza tulifungua bomba la breki, mafuta yangu yote yakamwagika mchangani, breki zikaachia. Adan akaanza kuchimba saa ile ile, bila breki, kama alivyozoea, na mimi nikakaa kando nikisafisha na kusubiri mafuta yanayofaa yaletwe kutoka Wajir. Yalifika silanga ikiwa imekwisha kuchimbuliwa. Mvua ikaikuta wazi, alhamdulillahi, maji yakaingia, wazee wakamwombea dua Adan, wakamwombea Mama Dahabo, hata mwenye lori aliyekuwa ameshaondoka akaombewa. Mimi nikaitikia amina.

Tangu siku hiyo siigusi mashine ya mtu kabla sijamuuliza anayeikalia kila siku inakunywa nini, na akinijibu, hata kama shavu limejaa miraa, naandika.